Kipaza Sauti ni Kipi? Uhakiki wa Maneno ya Vyombo vya Santuri

Makala haya yanahusu maneno machache tu, nayo ni yale tunayoyatumia kuvitaja vyombo vya kupigia muziki nyumbani vya enzi ya santuri na vali. Huenda msomaji akauliza kwa nini kurasa za jarida hili zitumike kwa ajili ya vyombo ambavyo vijana wengi hawajapata kuviona. Ningeweza kujibu kwamba santuri zimerudi madukani katika nchi nyingi, na kwamba vyombo vya miaka ya 1950 na 1960 vinatafutwa kwa bei ambayo wale walionunua vikiwa vipya wasingeiamini. Lakini sababu yangu ni nyingine. Neno moja nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nalo ni neno ambalo kila msomaji wa jarida hili hulitumia, liliunguza transfoma ya mtu ninayemheshimu tangu utoto wangu. Yafaa basi nieleze jinsi ilivyotokea, kisha nilihakiki neno hilo pamoja na wenzake.

Mwenye chombo ni mzee wa miaka themanini na ushei, rafiki wa marehemu babu yangu, nami humwita Babu. Mwaka 1962, kabla Tanganyika haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru wake, alipelekwa Manchester, Uingereza, kusomea uhandisi. Mwezi Oktoba mwaka huo mwanafunzi mwenzake akamwalika katika ukumbi wa Free Trade Hall kuwasikiliza wanamuziki Wamarekani weusi waliokuwa katika ziara ya Ulaya. Ndipo alipowaona kwa macho yake John Lee Hooker, T-Bone Walker, Memphis Slim na Willie Dixon. Ziara hiyo haikufika mji mwingine wowote wa Uingereza mwaka huo, na kwa sababu hiyo vijana kadhaa walisafiri kutoka London kuja kusikiliza, miongoni mwao Mick Jagger na Keith Richards, ambao kundi lao la Rolling Stones lilikuwa na umri wa miezi michache tu. Babu hakuwajua, wala hakuwa na sababu ya kuwajua. "Mimi nilikuwa natazama mguu," huniambia kila mara. "Yule Bwana Hooker ngoma yake ilikuwa kiatu."

Aliporejea nyumbani mwaka 1966 alikuja na kasha la mbao lenye mashine ya kuzungushia santuri, kikuza sauti cha vali, spika mbili, na santuri zipatazo arubaini. Nyingi zilikuwa za bluzi kutoka Chicago na Detroit, na nyingine za vijana wa Kiingereza waliojifunza kutoka kwa hao na kuuita muziki wao roki. Baadhi yetu tulizisikia santuri hizo tukiwa watoto, tukikaa kwenye mkeka sebuleni kwake na kukatazwa kurukaruka, kwa sababu sakafu ikitikisika sindano huruka.

Sasa mikono yake inatetemeka, na kazi ya kupiga santuri imempasa mjukuu wake wa kiume. Kitabu cha maelezo cha kile kikuza sauti kipo, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi wa miaka ile. Babu akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe mwenye kazi ya maneno. Nifasirie kitabu hiki, kijana akisome kwa lugha asiyohitaji kukisia." Nikakifasiri kwa muda wa jioni mbili, na ninakiri kwamba nilijiona nimefanya kazi safi. Hapakuwa na neno hata moja la Kiingereza katika kurasa zote kumi na mbili.

Katika ukurasa unaoeleza matundu ya nyuma ya chombo niliandika kwamba tundu la kwanza ni la kipaza sauti. Hilo lilikuwa tundu la chombo ambacho mwimbaji hukishika mbele ya kinywa chake. Mistari sita chini yake niliandika kwamba matundu ya mwisho ni ya vipaza sauti viwili, yaani vile visanduku vinavyotoa muziki. Kwa dhana zote mbili matumizi yetu ya siku zote yalinipa neno lilo hilo, nami sikuliona. Kijana alisoma mstari wa kwanza, akaona kwamba nyaya zake haziingii, akaenda kununua vichwa vya waya vinavyolingana na tundu, akavifunga kwa ustadi, akachomeka. Kisha akaweka santuri, akateremsha mkono. Kimya. Akaongeza sauti hadi mwisho wa kitufe. Bado kimya. Baada ya dakika chache ikasikika harufu.

Msomaji asiye fundi atanivumilia nieleze kwa nini, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Kikuza sauti cha vali hupitisha nguvu zake katika transfoma kabla ya kuzifikisha kwenye spika. Spika isipokuwapo mahali pake, nguvu hizo hukosa pa kwenda. Volti ndani ya transfoma hupanda kupita kiasi, na kadiri muziki unavyoongezwa ndivyo zinavyozidi kupanda, mpaka kizio kilicho kati ya nyuzi zake hutoboka na nyuzi kugusana. Kwa hiyo chombo kilikuwa kinapiga muziki kwa nguvu zake zote, lakini kinaupiga ndani ya tumbo lake mwenyewe.

Babu hakunikemea. Alisema tu, "Umeandika Kiswahili kizuri sana, mjukuu wangu. Ndicho kilichoniunguzia."

Tuanze basi na hilo neno lenyewe. Kipaza sauti limeundwa kwa njia ambayo sisi wakuza istilahi tunaipenda kupita zote: kiambishi ki-, mzizi wa kitenzi, na nomino inayotendwa. Kwa njia hiyo hiyo tumepata kinasa sauti na kikuza sauti. Ni maneno mepesi, yanatamkika, na mtu yeyote anayaelewa mara ya kwanza anapoyasikia. Na hapo ndipo lilipo tatizo, kwani anachokielewa ni kwamba kipo chombo na sauti inafanyiwa jambo. Jambo lenyewe ni karibu lile lile katika maneno yote matatu. Mwenye kupaza hukuza, na mwenye kukuza hupaza. Ndiyo maana katika magazeti yetu utasoma kwamba kiongozi "alishika kipaza sauti" na aya ya pili kwamba sauti yake "ilisikika katika vipaza sauti" vilivyofungwa juu ya miti. Kinasa sauti nacho huitwa mara ile mashine ya kurekodi, mara kile kijiti cha mkononi. Wasomaji wa gazeti hawadhuriki, kwa sababu habari yenyewe huwasaidia kubagua. Mtu aliyeinama nyuma ya chombo chenye matundu manane hana habari ya kumsaidia. Ana neno tu.

Kosa la msingi ni kwamba maneno haya yote yamechukulia kuwa ndani ya vyombo hivi inapita sauti. Haipiti. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na hewa ipo kabla ya chombo cha kwanza na baada ya chombo cha mwisho. Katikati pana umeme mtupu. Chombo cha kwanza hupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza umeme hafifu, wa vipande elfu vya volti. Cha katikati huukuza umeme huo, wala ukitega sikio juu yake hutasikia kitu ila labda mvumo wa transfoma. Cha mwisho hugeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa tena. Cha kwanza na cha mwisho ni ndugu kabisa; vingi vimeundwa kwa koili na sumaku, na katika simu za ndani za maofisi ya zamani spika moja ilifanya kazi zote mbili, mara kusikia, mara kusema. Tofauti yao ni mwelekeo wa safari tu, na mwelekeo ndio jambo ambalo istilahi zetu hazikulitaja.

Je, wananchi wamekosea walipokiita kila kimoja kipaza sauti? Kwa maoni yangu hawakukosea, na hapa ninatofautiana na baadhi ya wenzangu ambao wangependa kuwasahihisha. Mtu aliyekiona chombo hiki kwa mara ya kwanza katika mkutano wa hadhara au msikitini alikiona chote kwa pamoja: kijiti mbele, sanduku mezani, pembe juu ya mti. Kazi ya hivyo vyote ilikuwa moja, kuipaza sauti ya mnenaji imfikie aliyekaa mbali. Neno likawa la mfumo mzima, na kwa mfumo mzima ni neno barabara. Tulioharibu ni sisi tuliolichukua neno la kitu kizima tukaligawa kwa viungo vyake bila kuwapa viungo majina yao. Ni kama kusema kwamba sukani ni gari na gurudumu ni gari.

Kwa hiyo ningependekeza kipaza sauti kibaki kwa mfumo mzima wa mikutanoni, kile cha kwanza kiitwe maikrofoni, na cha mwisho kiitwe spika. Najua upinzani utakaokuja. Nilipolitaja neno spika katika mazungumzo ya ofisini, mwenzangu mmoja alisema kwamba Spika tunaye mmoja naye yuko Bungeni. Lakini sarufi yetu haina shida na jambo hilo: Spika ameingia, spika imeungua. Hakuna Mswahili atakayewachanganya hao wawili. Ama kikuza sauti, nimekiacha katika makala haya kwa sababu ya mazoea, ingawa kisichokuza sauti kingestahili jina la haki zaidi. Amplifaya limeshaenea mitaani na katika kumbi za muziki, na sioni aibu kulipokea.

Nije kwenye santuri, neno ninalolipenda. Linafanana na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na Iraki, na ni la zamani katika pwani yetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alichorudi nacho Unguja kilikuwa tayari kina jina. Lakini jina hilo limebeba vitu viwili tangu mwanzo, yaani mashine na kile kinachowekwa juu yake. Wengine wamejaribu kuvitenganisha kwa kusema sahani ya santuri. Basi fundi akifungua mashine anakuta sahani nyingine, ile nzito ya chuma inayozunguka, na juu yake ndipo sahani ya kwanza hulala. Katika tafsiri yangu niliandika, nasikitika kusema, "weka sahani juu ya sahani." Bibi yangu aliiita mashine hiyo kinanda, na nimeona kwamba alikuwa na akili kuliko mimi, maana kwake santuri ilikuwa santuri na kinanda kilikuwa kinanda. Siku hizi kinanda kimekwenda kanisani na hakiwezi kurudi. Nadhani inatosha kusema santuri kwa kile chenye muziki, mashine ya santuri kwa ile inayoizungusha, na gramafoni kwa ile ya zamani ya kupinda kwa mkono. Lile gurudumu la chuma liitwe kizungusho, au lolote lile lisilokuwa sahani.

Na santuri zenyewe si za namna moja. Hili si jambo la udadisi tu. Zile za kwanza, za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa za shelaki iliyochanganywa na vumbi la mawe, na sindano yake ya chuma ilikusudiwa kulika upesi mpaka ilingane na mfuo. Ndiyo sababu maelezo ya zamani yalitaka sindano mpya kila upande. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri laini ya mizunguko 33 na theluthi moja, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Mfuo wa hizi mpya ni mwembamba mno: ncha inayoufaa ina nusu kipenyo cha takriban sehemu 25 za elfu moja za milimeta, ilhali ile ya santuri za 78 hukaribia mara tatu yake. Ncha hiyo ni ya almasi au yakuti, na ile ya almasi hudumu kwa mamia ya saa. Ukimwambia kijana "badili sindano kila upande" bila kumwambia sindano ipi, ama atafilisika, ama ataweka chuma katika mfuo uliokusudiwa ncha ya almasi, na kwa mpigo mmoja atakuwa ameuchimba upya. Kwa hiyo sindano ibaki kuwa ya chuma na ya gramafoni, na hiyo nyingine iitwe ncha. Mkono unaoishika tuuite mkono. Hapo lugha haikutaka msaada wetu.

Kuhusu mfuo nina neno moja la pembeni. Wengi huandika "mifuo ya santuri," nami niliandika hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba upande mmoja wa santuri una mfuo mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi katikati, na katika santuri kubwa yenye muziki wa dakika ishirini na mbili urefu wake hukaribia nusu kilometa. Umoja na wingi ni jambo la sarufi, lakini hapa ni jambo la fizikia pia.

Sehemu iliyonipa taabu kubwa, na ambayo bado sijaimaliza, ni ile inayohusu ubora wa sauti. Watengenezaji wa vyombo vya nyumbani vya miaka ya 1950 walikuwa na dini moja: chombo kisiongeze kitu wala kisipunguze. Walichokipokea kutoka katika mfuo wakitoe vilevile. Waingereza na Wamarekani waliiita sifa hiyo kwa kifupisho ambacho kila duka la vyombo lilikibandika mlangoni. Ukikitohoa kifupisho hicho kama kinavyosikika, utapata neno "haifai." Sidhani kwamba mwenye duka yeyote atakubali kulibandika. Walioogopa utohozi wakatafsiri. Tafsiri moja iliyopita mezani kwangu ilikiita kikuza sauti kuwa ni chombo chenye "uaminifu mkubwa," nikawaza ni lini kiliachwa peke yake na sanduku la fedha. Ninachokiona kinafaa ni kusema chombo cha sauti halisi, na tuishie hapo.

Kinyume chake ndicho kigumu. Umeme ukizidi uwezo wa chombo, vilele vya mawimbi yake hukatwa, na kinachotoka si kile kilichoingia. Katika tafsiri yangu niliita jambo hili upotoshaji wa sauti, na nikaandika kwamba ni kasoro ambayo mtumiaji anapaswa kuiepuka. Neno hili nalo lilionekana safi. Lakini kupotosha ni neno la hukumu. Mpotoshaji ni mtu mbaya. Sasa na tuzitazame zile santuri arubaini za Babu.

Muddy Waters alirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1941 katika shamba la Stovall, Mississippi, na Alan Lomax aliyekuwa akikusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Miaka miwili baadaye alihamia Chicago, na katika vilabu vya kelele vya mji ule gitaa la kawaida halikusikika, ikambidi atumie la umeme. Alipokwenda Uingereza mwaka 1958 na gitaa hilo, baadhi ya waliomsikiliza walishtuka; walitarajia mkulima, wakaletewa mtambo. Mwenzake Little Walter alikuwa akiibana harmonika pamoja na maikrofoni ndani ya viganja vyake na kukilazimisha kikuza sauti kidogo kutoa zaidi ya uwezo wake. Muziki wake wa "Juke," uliotoka mwaka 1952, hauna sauti ya harmonika kama fundi wa sauti halisi angeitaka. Una kitu kingine, kinene, kilichokaribia sauti ya saksofoni, na hicho ndicho watu walichokinunua. Mwaka 1951, katika studio ya Sam Phillips mjini Memphis, spika ya gitaa iliyokuwa imepasuka ilishindiliwa karatasi na kazi ikaendelea. Wimbo uliotokea, "Rocket 88," wengi huuhesabu miongoni mwa mizizi ya roki. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks alichukua wembe akaikatakata spika yake kwa makusudi kabla ya kurekodi. Na katika miaka hiyo hiyo Jim Marshall, mwenye duka la ala magharibi mwa London, alikuwa ameanza kuunda vikuza sauti ambavyo wapiga gitaa walivipenda hasa kwa namna vilivyonguruma vikizidishwa.

Basi tunavyo vyombo viwili vyenye jina moja. Kikuza sauti cha sebuleni kikiibadili sauti kimeharibika. Kikuza sauti cha mpiga gitaa kisipoibadili hakijaanza kazi. Na cha ajabu zaidi, cha kwanza kinatakiwa kiwe mwaminifu kabisa ili tuyasikie barabara mabadiliko yaliyofanywa na cha pili. Istilahi inayosema "upotoshaji" imekwisha kutoa hukumu kabla muziki haujaanza, na imemhukumu Little Walter pamoja na spika mbovu.

Nimewasikiliza watu wanavyosema. Kuhusu redio isiyoshika vizuri husema inakoroma. Kuhusu santuri iliyochakaa husema inakwaruza, na mkwaruzo ni neno zuri kwa dosari ya mfuo, wala lisihamishwe pengine. Kuhusu spika iliyozidishwa nimesikia sauti inapasuka. Ningependekeza mpasuko kwa hiyo inayotokana na kukatwa kwa vilele, na mgeuko wa sauti liwe neno la jumla lisilosifu wala kulaumu. Mgeuko waweza kuwa mdogo au mkubwa, wa kutakiwa au wa kutotakiwa. Hilo litajwe na mwandishi, lisibebwe na neno.

Bluzi na roki sitayajadili kwa urefu. Wapo wanaoandika "muziki wa huzuni" kwa bluzi, nao wanakosea, kwa kuwa muziki huo ulichezwa vilabuni usiku wa Jumamosi na watu waliokuwa wamelipa kiingilio ili wafurahi. Huzuni imo, kama ilivyo katika taarabu, na hakuna aliyewahi kuiita taarabu muziki wa huzuni. Ama kutafsiri kwa rangi, au roki kwa mwamba, ni mzaha ambao natumaini hatutauona tena. Tumezoea kutohoa majina ya miziki, rumba, jazi, chacha, nasi hatukupungukiwa kitu.

Nirudi kwenye transfoma. Kijana aliipeleka kwa fundi mmoja wa Kariakoo ambaye kazi yake ya kila siku ni kusuka mota. Nilikwenda naye, kwa kuwa dhamiri ilinisukuma. Fundi aliifungua, akahesabu mizunguko ya waya kwa subira ya saa nyingi, akaisuka upya. Katika muda wote huo alitaja maiki, ampu, spika, waya wa kuingia na waya wa kutoka. Hakutumia hata istilahi moja iliyopita katika dawati letu, wala hakukichanganya chombo kimoja na kingine hata mara moja. Niliandika maneno yake yote katika daftari. Hasa nilipenda hayo mawili ya mwisho, kuingia na kutoka, ambayo ni mwelekeo ule niliokuwa nikiutafuta, na yalikuwapo katika lugha siku zote.

Tafsiri mpya imekwisha kuandikwa. Maikrofoni ni maikrofoni, spika ni spika, na kila tundu lina neno "kuingia" au "kutoka" pembeni yake. Kijana ameyaandika pia kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika nyuma ya chombo. Siku ya kwanza ya kujaribu Babu alichagua santuri ya John Lee Hooker, akaketi karibu na spika ya kushoto, na alipousikia mguu akainua kidole. Baadaye alichukua nakala yangu akaisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa na kalamu. Mahali nilipoandika kwamba mgeuko wa sauti ni kasoro ya chombo hiki, alikubali neno mgeuko, akalikata neno kasoro, kisha akafikiri, akalirudisha, kisha akalikata tena. Chombo ni cha sebuleni, alisema, kwa hiyo ni kasoro. Lakini kijana atakayesoma "kasoro" atakwenda kuitafuta katika gitaa la Hooker. Sikupata jibu siku ile, na mstari huo katika nakala iliyopo mezani kwangu bado una nafasi wazi. Msomaji mwenye neno la kuujaza alilete dawati la istilahi.